Kiti Kwanza: Mara ya Kwanza Kanisani Hapa Mombasa

Mgeni anayejiandaa kuingia kanisani mara ya kwanza huanza na kabati la nguo. Nivae suti? Nifunge kichwa? Viatu hivi vitafaa? Maswali si mabaya, na majibu yake yapo huko mbele, lakini si nguo zinazomtoa mtu jasho kanisani. Kinachomtoa jasho ni kujikuta amesimama peke yake huku kanisa zima limeketi, au kuendelea kusali kwa sauti wakati wenzake wote wamenyamaza. Na hayo huamuliwa na jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii hata kidogo: umekaa wapi.

Hata waumini wa miaka mingi hawahesabu kichwani ni lini wasimame. Humwona wa mbele yao akiinuka, nao wakainuka. Basi mgeni naye akae pale atakapopata watu wa kuwaiga. Ligawe jengo mafungu matatu, kuanzia mbele hadi mlangoni, ukae fungu la kati. Safu za mbele zina wenyewe: kwaya, wazee wa kanisa, watoto wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza, familia yenye misa ya kumbukumbu. Tena ukikaa mbele huna wa kumtazama, na kugeuka nyuma kila dakika kunakutangaza kuwa mgeni kuliko kitu kingine chochote. Nyuma nako kuna tabu zake. Ndiko wanakosimama waliochelewa, ndiko watoto wanakokimbizana, na mahubiri yanafika nusu nusu. Anayekaa nyuma ili asionekane pia hajui kwamba wahudumu wa mlangoni huanzia huko huko kutafuta wageni.

Kaa mwisho wa benchi, upande wa njia ya pembeni, karibu na dirisha. Hapa kwetu hilo si anasa. Kati ya Desemba na Machi, kanisa lililojaa watu hupika, na feni za darini haziwafikii wote. Tazama feni iko wapi kabla hujakaa, na tazama nguzo pia, maana makanisa ya zamani yana nguzo nene na utasikiliza misa nzima ukitazama saruji. Kwenye makanisa ya kipentekoste tazama spika. Usikae mkabala nayo ikiwa una mtoto mchanga.

Jambo jingine la kuangalia ni sare. Ukiona kina mama watano wamevaa kitambaa kimoja kwenye benchi moja, benchi hilo ni la chama chao na wengine wako njiani. Na katika baadhi ya makanisa ya kiroho, yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe kama Akorino na Legio Maria, wanaume hukaa upande mmoja na wanawake upande wa pili. Simama mlangoni sekunde kumi, utazame, ndipo uingie.

Kabla ya kiti kuna siku. Chagua Jumapili ya kawaida, isiyo na jina. Jumapili ya Matawi ni nzuri ajabu, watu wakiandamana na matawi ya mnazi mikononi, lakini ibada huanzia nje, watu wametawanyika, na mgeni hajui afuate nani. Siku askofu anapokuja kutoa kipaimara, yaani kuwathibitisha waumini, weka saa tatu au nne kando. Kesha la Pasaka kwa Wakatoliki lina masomo tisa yakisomwa yote, saba ya Agano la Kale, kisha Waraka na Injili. Huanza taa zikiwa zimezimwa, watu wakiwa na mishumaa mikononi. Ni ibada ya kusisimua, ila si ya kuanzia. Siku ya harambee ya ujenzi pia si ya kuanzia, kwa sababu zinazojulikana.

Kisha saa. Makanisa mengi ya mjini yana ibada mbili au tatu, na lugha hubadilika: moja ya Kiingereza, moja ya Kiswahili, na penginepo ya Kitaita au Kikamba. Uliza ipi ni ipi. Ubao wa nje huandika saa kwa tarakimu za Kizungu huku matangazo yakisomwa kwa saa za Kiswahili, kwa hiyo 7.00 ya ubaoni ni saa moja asubuhi. Wa Likoni atoke mapema. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini haimngoji mtu, na ukikosa moja umekosa wimbo wa kuingilia. Ongeza robo saa ya ukaguzi langoni. Tangu shambulio la kanisani Likoni, Machi 2014, makanisa mengi ya Mombasa hukagua mikoba na kupitisha kifaa cha kutambua chuma, na gari hufunguliwa buti. Begi kubwa la mgongoni liache nyumbani. Na usiweke begi kwenye kiti kisha ukatoka nje kwenda kupokea simu. Begi lisilo na mwenyewe huwashtua watu, na wana haki ya kushtuka.

Kwa anayeelekezwa mjini: barabara ya Nkrumah ina makanisa makuu mawili, la Kikatoliki la Roho Mtakatifu na la Kianglikana la Ukumbusho. Mtu aliyeambiwa tu "kathedro ya Nkrumah Road" anaweza kuketi katika ibada isiyo yake na asijue mpaka wakati wa matangazo. La Kianglikana, lililowekwa wakfu 1905, lina kuba, na asiyelijua hulipita akidhani ni msikiti.

Nguo, basi. Safi, zinazofunika mabega na magoti. Shati la mikono mifupi na suruali linatosha kwa mwanamume, na hakuna atakayekudai tai kwenye joto hili. Kofia huvuliwa na wanaume wakiingia. Mwanamke abebe leso moja kwenye mkoba hata kama gauni lake ni refu. Leso hufunika mabega, hufunika mapaja ukiketi, hufutia jasho, hutandikwa mtoto akilala, na katika makanisa yanayotaka kichwa kifunikwe huwa kilemba papo hapo. Viatu havivuliwi katika makanisa mengi. Kwa Akorino na Legio Maria vinavuliwa, na ukiona safu ya viatu mlangoni hakuna haja ya kuuliza. Vaa soksi zisizo na tundu.

Sasa Misa, ambako mgeni hupotea zaidi, kwa kuwa mwili wote unafanya kazi. Mlangoni kuna maji ya baraka. Wakatoliki huchovya kidole na kufanya ishara ya msalaba, na wewe si lazima. Kabla ya kuingia kwenye benchi hupiga goti moja kuelekea tabernakulo, kisanduku cha mbele kinamotunzwa komunyo. Hilo nalo si lazima kwa asiye Mkatoliki, kuinamisha kichwa kidogo kunatosha, ila uwe tayari aliye mbele yako ashuke ghafla kwenye njia. Wageni wengi hugongana na mgongo wa mtu hapo.

Mpango wenyewe hauna siri. Mnasimama wakati padre anapoingia, kwa toba na kwa wimbo wa Utukufu. Mnaketi kwa somo la kwanza, wimbo wa katikati na somo la pili. Msomaji akimaliza kwa "Neno la Bwana", watu hujibu "Tumshukuru Mungu". Mnasimama kwa Aleluya na Injili, mnaketi kwa mahubiri, mnasimama tena kwa Nasadiki, yaani kanuni ya imani, na sala za waamini, mnaketi wakati wa vipaji na sadaka. Halafu mnasimama, na huja wimbo wa "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Ukiisha, watu hupiga magoti kwa ajili ya mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai, na kengele ndogo hulia altareni. Asiyepiga magoti aketi, ila asisimame, kwa maana atawaziba wa nyuma wakati ule ambao wao ndio waliujia.

Kwenye mabenchi mengi kuna ubao wa kupigia magoti, umefungwa kwa bawaba chini ya benchi la mbele. Ukiwa umesimamishwa unakaa kama ukingo. Watu wanapoushusha wote kwa pamoja, mtu mmoja mwenye pupa akiuachia, unaangukia vidole vya miguu vya benchi zima, na kanisa lililonyamaza husikia. Ushushe kwa mkono au kwa ncha ya kiatu, polepole, ukiwa umetazama kushoto na kulia kama kuna mguu. Na wakati wa komunyo uinueni, maana watu wanaotoka kwenye benchi hujikwaa nao.

Baada ya mageuzo mnasimama kwa Baba Yetu, na hapa ndipo Mprotestanti hujulikana. Maneno yenyewe hutofautiana: Mkatoliki atasema "utakalo lifanyike" na "utuopoe maovuni", mwingine "mapenzi yako yatimizwe" na "utuokoe na yule mwovu". Hayo hufunikwa na sauti za wengi. Lakini Wakatoliki wakifika "maovuni" hunyamaza, padre akaendelea na sala yake, ndipo wote wakajibu "Kwa kuwa ufalme ni wako". Aliyezoea kuunganisha moja kwa moja hubaki peke yake hewani, "kwa kuwa ufalme ni wa—", na benchi la mbele likageuka. Ukifika hapo, vuta pumzi uhesabu. Baada yake mnapeana amani: mkono kwa wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa nyuma, basi. Huzunguki kanisa zima.

Komunyo ni ya Wakatoliki waliokwisha pokea komunyo ya kwanza na walio tayari kuipokea siku hiyo. Wengine hubaki kwenye benchi, na si aibu, kwa kuwa hata Wakatoliki wengi hubaki. Kwa wewe uliyekaa mwisho wa benchi kuna kazi ndogo: safu yenu ikiitwa, toka njiani, wapishe wote wapite, kisha rudi ukae. Usijaribu kukunja magoti watu wakurukie. Ukijikuta umesukumwa na foleni hadi mbele, kunja mikono kifuani au mwambie padre kwa sauti ya chini kuwa wewe si Mkatoliki. Kosa lisilosahaulika ni kupokea hosti na kurudi nayo mkononi ili uitazame. Huliwa pale pale, na mhudumu atakufuata mpaka kwenye kiti ahakikishe. Kwao si kipande cha mkate, na ndiyo maana hawatanii hapo.

Ibada ya Kianglikana itamkumbusha Mkatoliki mambo mengi ya kwao, ila kitabu cha sala hushikwa mkononi na majibu husomwa humo, kwa hiyo omba kitabu mlangoni. Nyimbo hutajwa kwa nambari, na nambari za siku huwa zimebandikwa ubaoni mbele. Chelewa kufungua ukurasa na beti mbili zimekupita, basi weka karatasi kwenye kurasa mapema. Ushirika Mtakatifu hupokelewa watu wakipiga magoti kwenye reli mbele ya meza. Walioruhusiwa kwa kawaida ni waliobatizwa na kupata kipaimara, na desturi hutofautiana, kwa hiyo muulize mhudumu kabla ya ibada.

Makanisa haya ya zamani yana kengele kubwa, na mara nyingi hulia mara mbili: ya kwanza kuwaita watu, ya pili kuanza. Kengele kwa ukanda huu ni habari ndefu. Kengeleni, kule Kisauni, pameitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa 1875.

Kwa Waadventista siku ni Jumamosi, na salamu ni "Sabato njema". Wanatunza saa kuliko wote. Asubuhi huanza kwa Shule ya Sabato, watu wakijadili somo katika vikundi vidogo, kisha ndipo ibada kuu, kwa hiyo mgeni anayeogopa kuulizwa swali kikundini afike kwenye ibada kuu. Siku ya Meza ya Bwana waumini huoshana miguu kwanza, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Unaweza kuketi ukatazama. Na hawafanyi biashara siku hiyo, basi usimwulize jirani yako bei ya kiwanja.

Upentekoste ni ulimwengu mwingine, na hapo mgeni hatishwi na kanuni ila na ukosefu wake. Ibada huanza kwa sifa, nyimbo za haraka, watu wamesimama, wanaruka, wanapunga leso. Baadaye hupungua kasi, taa zikapunguzwa penginepo, mikono ikainuliwa. Hiyo yote huchukua dakika arobaini hadi saa nzima, na umesimama. Viatu vya visigino virefu hujuta. Ukichoka keti, hakuna anayehesabu. Wengine watalia kwa sauti, wengine watanena kwa lugha, kila mtu na sala yake kwa wakati mmoja. Hutakiwi kufanya lolote. Fumba macho au soma Biblia.

Biblia yenyewe uje nayo, au uwe nayo kwenye simu. Mhubiri atataja "Wakorintho wa Pili, kumi na mbili, tisa" kisha aanze kusoma kabla hujafika. Siri ni orodha ya vitabu iliyo mwanzoni. Na kama Biblia yako ni ya Kikatoliki, ina vitabu 73, si 66, kwa hiyo kurasa zako hazilingani na za jirani yako. Usishangae ukiwa unafungua Wamakabayo.

Mwisho wa mahubiri kuna wito. "Kila jicho lifumbwe, asitazame mtu yeyote. Kama uko hapa na ungependa kumpokea Yesu, inua mkono." Anayeinua mkono ataombwa asimame, kisha aje mbele, aongozwe sala, kisha apelekwe pembeni au kwenye chumba ambako jina na nambari ya simu vitaandikwa. Ni safari yenye hatua tano, na mgeni huambiwa ya kwanza tu. Kama ndilo ulilojia, vizuri, nenda. Kama unajikuna kichwa, ngoja macho yafumbuliwe. Maombezi huja baada ya hapo: mchungaji ataweka mkono kichwani, na nyuma yako atasimama mtu wa kukudaka. Kuanguka si sharti. Simama miguu ikiwa imeachana kidogo, na ukisukumwa paji la uso zaidi ya ulivyotaka, rudi hatua moja.

Siku ya Meza ya Bwana sinia huzungushwa, vikombe vidogo kama vya dawa ya kikohozi na vipande vya mkate. Chukua, kisha ushike. Wote hunywa kwa pamoja mchungaji akisema. Mgeni mwenye kiu hunywa pale pale, akabaki na kikombe kitupu mkononi kwa dakika tano.

Wageni wasimame! Hili ndilo neno linaloogopwa, na kwa kipentekoste na katika makanisa mengi ya Kiprotestanti huwezi kulikwepa kirahisi. Kuna jibu la sekunde kumi na tano: "Bwana Yesu asifiwe." Watu watajibu "Amina". "Naitwa fulani, natoka Mikindani, nimekuja kuabudu pamoja nanyi. Asanteni." Keti. Ukisema zaidi, watadhani una ushuhuda na utapewa kipaza sauti. Kama una kanisa lako, watatarajia salamu kutoka huko, na kama huna, usitunge. Ukibaki umeketi hakuna atakayekuvuta, ingawa jirani yako aliyekuona ukiingia anaweza kukusimamisha kwa mikono yake miwili. Kwa Wakatoliki salamu ni "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu "Milele na milele, Amina". Kumwamkia padre kwa "Bwana asifiwe" si kosa, atajibu tu huku akijua umetoka wapi. Mwite Padre, wa Kianglikana Kasisi au Mchungaji, wa kipentekoste Pasta, mpaka usikie anavyoitwa na wake. Bibi mzee wa benchi lako mpe shikamoo kabla ya yote.

Baadaye huja fomu ya mgeni. Jina, simu, unapoishi, je, ungependa kutembelewa? Soma swali la mwisho kabla hujaweka alama, kwa sababu wakisema watakuja, watakuja, na watakuwa sita. Nambari ya simu ikiandikwa, Jumatatu utapigiwa na Jumanne utakuwa kwenye kundi la WhatsApp. Kuandika jina tu kunaruhusiwa.

Fedha. Vunja noti Jumamosi. Sadaka hutolewa kwa kapu linalopitishwa au kwa watu kutoka mabenchi na kwenda kutia sandukuni mbele, na hakuna chenji kapuni, wala usimtazame mhudumu kwa matumaini. Weka noti mbili au tatu ndogo na sarafu katika mifuko tofauti, kwa maana mara nyingi sadaka ni mbili: ya kawaida, na ya pili ya ujenzi, ya maskini au ya seminari. Mgeni hutoa vyote mara ya kwanza, kisha kapu likarudi. Kutotoa kunaruhusiwa. Ikiwa watu wanaandamana mbele nawe huna kitu, baki umeketi, au nenda na mkono uliofumbwa kama wanavyofanya wengi kuliko unavyodhani.

M-Pesa imerahisisha. Paybill huwa ubaoni, kwenye karatasi ya matangazo au kwenye skrini. Unaingia Lipa na M-Pesa, kisha Paybill, nambari ya biashara, halafu akaunti. Akaunti ndiyo hukosewa. Kanisa huandika SADAKA, ZAKA, UJENZI na kadhalika, na ukiandika jina lako badala yake fedha zitafika lakini mweka hazina hatajua ni za nini. Soma ujumbe unaorudi uone jina la kanisa. Tumia nambari iliyobandikwa tu. Ukitumiwa nambari ya mtu binafsi kwa SMS, hata akijiita mhazini, achana nayo.

Na hapa tuseme wazi. Ukiambiwa kwamba maombi ya shida yako yana bei, shilingi kadhaa za "mbegu" kabla ya kuwekewa mkono, fedha yako ibaki mfukoni na miguu yako itafute mlango. Baada ya Shakahola, huko Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ilifukuliwa, hakuna mtu wa Pwani anayepaswa kuona haya kuuliza maswali matatu. Kanisa hili limesajiliwa na Msajili wa Vyama? Mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitali? Watoto wanakwenda shule? Mchungaji wa kweli hujibu bila kukunja uso. Anayekukemea kwa kuuliza amekwisha kujibu.

Watoto huenda Shule ya Jumapili, mara nyingi jengo la nyuma au chini ya mti. Mpeleke mwenyewe mara ya kwanza, umwone mwalimu, uulize wanatoka kabla yenu au baada. Wakitoka kabla, mtoto atakutafuta kanisani katikati ya mahubiri, na ukiwa umekaa njia ya pembeni atakuona. Mtoto akilia, toka naye barazani bila kuomba radhi, ukirudi utakuta nafasi yako. Choo kiulizie mapema.

Kwa jirani Mwislamu anayekuja kwa harusi au ibada ya mazishi, jambo linalotokea Mombasa kila wiki: hijabu haivuliwi. Hutakiwi kupiga magoti, kuimba wala kujibu Amina. Simama wengine wanaposimama kama heshima, keti wanapopiga magoti. Kofia ya mwanamume huenda mhudumu akamwomba aivue, kwa kuwa desturi ya kanisa ni kinyume na ya msikiti, kwa hiyo wengine huikunja mfukoni tangu langoni yaishe. Usikae mbele ukidhani ni heshima. Fungu la kati, pembeni, kama tulivyosema.

Muda: Misa ya kawaida ya Kiswahili ni saa moja na nusu hadi mbili, Waanglikana karibu na hapo, Wapentekoste saa tatu. Yanayorefusha mara nyingi si mahubiri. Ni matangazo. Ndoa zinazotangazwa, mkutano wa jumuiya, kikundi kinachouza tiketi za chakula cha mchana, gari linaloziba lango lenye namba fulani. Ukilazimika kuondoka mapema, toka wakati wa wimbo. Usitoke wakati wa Injili wala wa mageuzo.

Ukitoka nje usikimbie. Langoni kuna madafu, mabuyu na kina mama wa mahamri na mbaazi, na hapo ndipo watu husalimiana hasa. Tuktuk hujaa dakika kumi za mwanzo, kisha hupungua zenyewe. Na kabla hujatoka kwenye benchi, inama utazame chini ya ubao wa magoti. Mwavuli, chupa ya maji na leso hubaki hapo kila wiki. Vikibaki, hupelekwa sakristia, chumba cha kuvalia padre, au ofisini, na ofisi nyingi za parokia hufungwa Jumatatu, kwa hiyo nenda Jumanne.